Chuma cha Mlango wa Kati

Kile chuma kiliingia nyumbani kwetu Jumamosi asubuhi. Nilikuwa uani nafua, binti yetu anachezea povu, na jirani yetu wa chumba cha mwisho alikuwa anahama. Tulimwita Ngongoti kwa urefu wake. Aliishi na mama yake mzazi, bibi mwenye umbo dogo mno. Siku hiyo alimbeba mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, na miguu ya yule bibi haikuonekana kabisa nje ya kanga.

Kabla ya kuondoka alimpa mume wangu chuma cha mazoezi, kile kinachofungwa kwenye fremu ya mlango ili mtu aning'inie na kujivuta.

"Kinarefusha kweli?" mume wangu akauliza.

"Si unaniona?" Kisha Ngongoti akashusha sauti. "Ila usikifunge kwenye mlango anaopita mtu mwingine."

Sisi tuna vyumba viwili na mlango wa kati mmoja. Angekifunga wapi?

"Basi nyie mtapita dirishani," mume wangu akanitania, akachukua spana.

Mume wangu, wenzake walimwita Kipande kwa ufupi wake. Alikuwa ameomba kazi ya ulinzi, wakamsimamisha kwenye mstari uliochorwa ukutani, akapungua kwa upana wa kidole. Walimwambia ajaribu tena watakapoajiri upya. "Kidole tu, Mama Bosi!" alilalamika wiki nzima. Bosi ni binti yetu. Baba yake alimpa jina hilo kwa sababu ya amri zake.

Basi ikawa asubuhi na jioni ananing'inia. Chuma kinalia ngii, ngii. Bosi anapita chini ya miguu ya baba yake akicheka. Mimi napita na ndoo, napita na karai, napita na sufuria, maana jiko liko huku na maji yako kule.

Na tangu aanze mazoezi, akawa ananihamishia vitu. Kopo la chumvi alilipandisha rafu ya juu mpaka nikawa nalivuta kwa mwiko.

"Sijaligusa," akasema.

"Limepanda lenyewe?"

Uani nako mtu alikuwa ameikaza kamba ya nguo, nikawa nairukia kama mbuzi. Nilinuna, nikaendelea kuanika. Mimi si mtu wa kugombana na majirani.

Siku moja nikaona vifundo vya miguu ya mume wangu vimetoka nje ya suruali. Alirukaruka kwa furaha. Nikakaa kumshushia pindo, na pale nilipokaa nikamwona Bosi akipita. Gauni lake, lililokuwa likiishia magotini, lilikuwa limeshuka mpaka katikati ya miundi.

Nikadhani limelegea kwa kufuliwa.

Nina kawaida ya kumpima kwenye fremu ya mlango huo huo, namchorea alama kwa penseli. Nikamsimamisha. Kichwa kilikuwa chini ya alama ya mwisho. Nikampima tena. Chini. Nikafikia alama ya kabla ya hapo. Bado chini.

"Hakusimama vizuri," mume wangu akasema.

Nikampeleka kliniki. Muuguzi akampima, akanitazama kama mtu aliyechelewa kwenda kula. "Mama, mtoto hapungui urefu. Mlikosea kumpima mwanzo."

Kila mtu alikuwa na jibu, na kila jibu lilisema nimekosea mimi.

Kampuni ikaajiri upya. Mume wangu akaufikia mstari, akarudi na sare begani. Alasiri hiyo Bosi alikwenda kufungua mlango wa nje, mlango aliokuwa akiufungua kila siku. Mkono haukufika kwenye komeo. Akageuka.

"Mama, mlango umekua."

Nikamfuata mume wangu. "Baba Bosi, kitoe," nikamnong'oneza.

"Nikitoe nirudi kuwa Kipande? Watatupima tena kabla ya kutuajiri moja kwa moja."

"Na mtoto?"

"Mtoto atakua tu, Mama Bosi."

Asubuhi iliyofuata alining'inia kama kawaida. Bosi alikuwa ameegemea fremu chini yake, kisogo kwenye alama zangu. Hakucheka. Mume wangu akajivuta. Ngii. Juu ya nywele za mtoto ukachomoza mstari wa penseli. Akashuka. Akajivuta. Ngii. Ukachomoza mwingine.

Nilimvuta mtoto.

Baba yake alipokwenda kazini nikachukua spana. Chuma kilikuwa cha moto, kama mgongo uliotoka kubeba mtoto. Nilikifunga kwenye gunia, nikakirusha kwenye lori la takataka, nikasimama mpaka likakata kona.

Mume wangu aliwaka, akasusa chakula. Baadaye alipoona hakupungua, na kazi wamemthibitisha, akatulia. Na Bosi akaanza kupanda. Kidogo tu, lakini juu. Nilichora alama ile, nikamshukuru Mungu.

Juzi mchana nilikuwa napika. Mume wangu akaingia, siku hizi anainama mlangoni.

"Mama Bosi, mbona unapika umekaa? Utaungua."

Nikamgeukia. Bosi akawahi kujibu.

"Baba, mama amesimama."

Mume wangu akanisogelea. Alinitazama, akatazama fremu ya mlango na alama zake zote za mtoto. Mimi hakuna aliyewahi kunipima.

Akanyoosha mkono, akanishushia kopo la chumvi. Liligoma kidogo kabla ya kubanduka. Nikapanda kigoda kuangalia. Ubaoni, pale lilipokuwa, palikuwa na duara la kutu, la zamani, limekula mbao.

Lile kopo halijawahi kuhamishwa.