Majina Matatu ya Mtihani

Kwanza ilisikika mvua, mvua kavu isiyolowesha mtu: buni zikimwagwa juu ya meza za bati. Kisha Firmin akaingia ghalani, pale bandarini Bukavu, suruali ya kaki imenyooka kama rula, saa ya kupimia kazi mkononi, akawaona wanawake wakichambua kahawa. Mmoja, mwenye kitambaa cha manjano kichwani, akacheka.

"Papa wa saa, unapima nini? Moyo wangu?"

"Huo utavunja saa, mamzelle. Jina lako?"

"Apolline. Andika muzuri."

Wiki nzima alimsindikiza hadi kwao Kadutu, wakitaniana njia yote. Hakumwambia kuwa yuko kwenye mtihani wa kuajiriwa na ofisi ya Bwana Delvaux. Ofisi hiyo ilitoka Ubelgiji, kazi yake kuwashauri wenye migodi na viwanda wapunguze mikono ya kazi. Ilipopita, watu walirudi vijijini na mafurushi. Nani asingetaka kuwa upande wa wapimaji? Firmin alishinda imla, akashinda hesabu. Bibi wa kizungu wa ofisi hiyo alikuja kukagua nyumba yake, akafunua hata sufuria. Likabaki jaribio la mwisho: ataje watatu wanaochelewesha kazi ghalani. Aliandika. Alidhani ni karatasi ya mtihani tu.

Jumatatu aliajiriwa. Jumatatu hiyohiyo kapita, msimamizi wa ghala, alisoma majina matatu ya waliofukuzwa kutoka karatasi ya Firmin. La kwanza: Godelive, dada mkubwa wa Apolline, mjane mwenye watoto wanne.

Jioni Firmin alifika kwao na mkate. Apolline akamzuia mlangoni.

"Dada yangu iko muvivu?"

"Chérie, saa ilionyesha..."

"Saa! Meza yake iko ya kahawa ya daraja la kwanza. Buni moja moja, anageuza, ananusa. Uliuliza?"

Hakuuliza.

"Nitamwambia Delvaux nilikosea."

"Atakufukuza. Na mutu aliyefukuzwa na wale, nani atamupa kazi hapa Bukavu?"

"Hakuna."

Apolline akasogea kando.

"Basi usiniahidi mimi. Mwenye kuumia iko ndani."

Godelive alikuwa akifunga mafurushi, kesho arudi kijijini Nyantende. Firmin alivua kofia.

"Maman Godelive, usisafiri. Kesho asubuhi, mbele ya Delvaux, kapita na wanawake wote, nitasema kwa sauti: hesabu ilikuwa mbaya, na aliyeikosea ni mimi. Wakinifukuza, basi; wakinifunga, nitaisema hata gerezani."