Antena ya Gari Jeupe

Jua lilikuwa limeshazama, na fundi wa redio, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Mawimbi, alikuwa akikusanya bisibisi zake ili akampikie mama yake uji. Mama alilala chumba cha nyuma ya karakana, homa ikiwa imeanza kumwachia. Ndipo gari jeupe, refu, lilipoonekana uani.

Halikunguruma. Lilikuwepo tu.

Akashuka dereva, mwanamume mpole, shati limefungwa vifungo hadi kooni.

"Habari za jioni, dada. Nataka antena ya redio ya mawasiliano."

"Njoo kesho, kaka. Giza hili nitakutobolea kioo badala ya bati."

Hakucheka. "Kesho nitakuwa njiani na abiria."

Mawimbi akaguna, akamwonyesha antena fupi ya mpira na ile ndefu ya chuma inayoyumba. "Fupi ni ya hapahapa mjini. Ndefu inafika. Unaongea na nani?"

"Watu wangu. Wako mbali... chini kidogo."

Mawimbi alidhani anasema bondeni. "Basi ndefu. Na tusiifunge kwenye bampa, bodi ya gari itaziba mawimbi upande mmoja. Katikati ya paa ndipo penyewe."

Akapanda ngazi. Akajaribu kwanza kitako cha sumaku, asitoboe gari la watu bure. Sumaku ikateleza. Akairudisha. Ikateleza tena, kana kwamba paa linaisukuma.

"Kaka, hili paa ni la nini?"

"Toboa tu."

Sauti ilinong'ona sikioni mwake. Dereva alikuwa amesimama upande wa pili wa gari.

Nywele zikamsimama. Lakini kazi ni kazi. Akabonyeza drili. Ikazama... kirahisi... bila ule ukelele wa bati. Kilichotoka kwenye tundu hakikuwa chenga za chuma.

Kilikuwa udongo. Mbichi, wenye harufu ya shimo lililochimbwa sasa hivi.

Alitaka kushuka akimbie. Miguu ikagoma. Mikono yake, kama si yake, ikapitisha waya, ikakaza nati, kisha ikapenya dirishani kuwasha redio ya gari.

Kshshsh...

Watu wengi walikuwa wakinong'ona kwa pamoja. Kisha wakanyamaza ghafla, kama wanaompisha mgeni.

"Hodi jamani... Mbona giza hivi?"

Ilikuwa sauti ya mama.

Mawimbi alikurupuka hadi chumba cha nyuma. Mama alikuwa chali kitandani, macho wazi, midomo ikichezacheza bila sauti. Sauti ilitoka kule nje, kwenye gari.

"Naona mkono... Nisogee?"

"Mama, usisogee! Mama!" Akamtikisa. Mwili wa baridi, mzito kama gunia lililolowa.

Akarudi mbio, akanyakua koleo. Dereva alikuwa ameshakaa kwenye usukani.

"Mwache, dada. Amekaribia."

"Mama yangu hakaribii popote!" Akaingiza mkono dirishani, akakata waya.

Kimya.

Halafu, kutoka chumba cha nyuma, kikohozi. Kizito, cha mtu aliye hai.

Dereva aliutazama waya uliokatwa, akamtazama Mawimbi kwa huruma. "Njia ilikuwa wazi pande zote mbili, dada," akasema taratibu. "Umemzuia anayekwenda. Je, anayekuja?"

Gari likatoka. Hata vumbi halikutimka.

Mawimbi alikimbilia chumbani, akamkumbatia mama akilia kama mtoto. Mama akamwacha alie, akamfuta machozi kwa kiganja, huku akilikagua kabati, pazia, picha ya ukutani.

"Pole sana, binti," akasema. "Nyumba nzuri. Hapa ni kwa nani?"

Majirani wanasema homa ilimpanda kichwani, itapita. Mawimbi anampikia, anamlisha, anamwita mama. Naye huitika, baada ya kufikiri kidogo. Ila siku hizi Mawimbi analala karakanani, juu ya meza ya kazi, na mlango wa kwenda chumba cha mama ameutia komeo.

Kwa upande wake.