Alama Nilizoweka kwa Kalamu

Niko mwanamke wa miaka makumi tatu na moja, na masomo yangu yaliishia sekondari ya tatu. Nisameheni nikiandika vibaya. Nilikuwa nachapa barua za watu katika sekretaria ndogo hapa Lubumbashi.

Kompyuta yetu ilitoka Zambia. Klavye yake, yaani kibodi, ni ya Kiingereza, haina zile alama za juu ya herufi za Kifaransa. Mwenzangu Nadège alizipata kwa namba: unashikilia Alt, unapiga 130, é inatoka. Alitaka kunifundisha. Mimi nikaona kalamu iko mbio zaidi... Nilichapa bila alama, kisha nikaziweka kwa mkono.

Siku moja alikuja baba mmoja wa mtaa wa Makomeno, mgonjwa sana, pamoja na mke wake, mama Odile. Alitaka karatasi ya kumwachia mke nyumba. Nikachapa, akatia sahihi, mama akamtoa nje apumue. Hapo ndipo nilipokumbuka alama! Nikaziweka haraka kwa kalamu ya bluu, nikampa mama karatasi yake.

Baba alikufa. Ndugu zake wakadai nyumba. Katika ofisi ya kartie, yaani ya mtaa, mkubwa wa wale ndugu aliinua karatasi: "Muone! Wino ingine iko juu! Kaka alishakufa, huyu mwanamuke akachezea karatasi!"

Siwezi kumlaumu sana. Ile wino ilionekana kweli.

Wakaniita. Mama Odile aliniangalia. "Mutoto wangu, sema tu vile ulifanyaka."

Patroni wangu, mwenye sekretaria, alikuwa ameniambia wateja watakimbia wakijua tunaandika juu ya karatasi iliyokwisha kutiwa sahihi. Lakini hakunikataza kusema. Ni mimi niliyeogopa kupoteza kazi. Nikajibu: "Mama, sikumbuki..."

Sikumbuki! Ningesahau namna gani?

Nyumba ikachukuliwa. Leo mama Odile anauza makala, yaani mkaa, kule Annexe, pembeni ya mji. Nilienda kwake, nikapiga magoti, nikalia. Nilidhani atanitukana. Aliendelea kupanga makala yake.

"Siku ile njo nilikuwa na lazima na kinywa yako inisemee," alisema. "Leo nafanya nayo nini?"

Nikakimbilia kwa mkubwa wa kartie kueleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nyumba ilishauzwa.

Ndugu wasomaji, je, mimi ni mtu mbaya? Sijui... Lakini ukiitwa useme, sema siku ile ile, hata ukiogopa. Nawaomba! Mimi nilichelewa, na mama wa watu analala katika kibanda cha mabati.