Mtumishi Aliyenyamaza

Kila Jumamosi, akishachota maji na kufagia uwanja, Milembe alifungua zizi na kuwatoa maksai wawili wa baba yake, Madoa na Kijivu. Ndio waliovuta plau ya familia tangu yeye akiwa darasa la pili, na familia haikuwa na ng'ombe wengine. Baba yake, Masunga, aliwapenda mno. Watani wake walisema kwamba yeye na Madoa wakiugua siku moja, Madoa ndiye atakayetangulia kutibiwa.

Kijiji chao hakiko mbali na mji wa Bariadi. Ulikuwa mwezi wa Machi, pamba imefika kiunoni, na malisho yalibaki kwenye kingo za mashamba tu. Mchungaji alipaswa kukaza macho. Milembe alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mchungaji hodari kwa kweli, ila Jumamosi alasiri mawazo yake yalikuwa kwingine.

Dukani kwa Mwandu kulikuwa na televisheni ya umeme wa jua, na kila Jumamosi alasiri ilionyesha marudio ya tamthilia ya Kichina ya enzi za wafalme. Watu walivaa mavazi ya hariri yenye mikono mipana, walipiga magoti kila baada ya maneno mawili, na wote, tangu mfalme hadi mpishi, walizungumza Kiswahili safi cha Dar es Salaam kwa sababu sauti zilitiwa huko. Mwalimu Specioza alikuwa amewaeleza darasani kuwa hadithi ile ilianza kama riwaya nene, ikasomwa na Wachina wengi kabla haijaigizwa. Milembe aliitamani riwaya hiyo ili aruke hadi ukurasa wa mwisho. Kwa kuwa hakuwa nayo, aliitegemea televisheni ya Mwandu.

Naye alikuwa na mtu aliyemtegemea yeye. Jirani yao, bibi Nyanjige, alikuwa mjane aliyekaa peke yake. Moshi wa jikoni wa miaka mingi ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu, na sasa aliona vivuli tu. Kila jioni Milembe alimpelekea maji na makaa ya moto kutoka jikoni kwa mama yake, kisha akaketi kumsimulia tamthilia. Bibi hakuwahi kuiona hata mara moja, lakini aliwajua wahusika wote na aliwagombeza kwa majina.

Wiki ile hadithi ilikuwa imefika pagumu. Sumu ilitiwa kwenye uji wa malkia, na yaya mmoja mzee akasingiziwa. Msichana mtumishi aliyeona kila kitu alikuwa amejificha nyuma ya pazia. Sehemu ile ikaishia hapo.

"Atasema?" bibi Nyanjige aliuliza.

"Sijui, bibi. Tutajua Jumamosi."

Jumamosi hiyo baba alimwonya Milembe asubuhi. Jana yake alikuwa amepulizia dawa ya wadudu kwenye pamba, hivyo maksai wasilikaribie shamba hata kidogo. Milembe aliitikia. Alipopita nao kwa bibi Nyanjige, bibi alitoka nje, akampapasa Madoa mgongoni na kusema kwa sauti kuwa ng'ombe yule amenona, Masunga amebarikiwa. Wazee wa pale hawapendi ng'ombe wao wasifiwe waziwazi hivyo. Husema sifa za namna hiyo huleta balaa. Jirani mmoja, Mayala, alikuwa akipita na jembe begani, akasikia, akatikisa kichwa. Milembe hakutia maanani. Alikuwa akimfikiria yule msichana nyuma ya pazia.

Alasiri ilipofika, aliwafunga maksai kwa kamba kwenye kichaka kando ya shamba. Alijiambia kuwa angetazama sehemu moja tu. Siku hiyo zilionyeshwa mbili mfululizo, naye alizitazama zote. Mtumishi hakusema. Yaya alifungwa kamba, akapelekwa uwanjani kunyongwa, na msichana akalia kwenye kitambaa chake cha hariri huku muziki ukipigwa.

Milembe aliporudi, kichaka kilikuwa kimeng'oka. Madoa na Kijivu walikuwa katikati ya pamba, wakitafuna majani kwa raha zao.

Aliwatoa mbio. Alivunja tawi, akafuta nyayo zao kwenye ukingo wa shamba. Alijua baba asingeingia humo kwa siku kadhaa kwa sababu ya dawa, na kufikia hapo, alijipa moyo, mambo yangekuwa yamepita.

Jioni maksai walianza kutoka mapovu mdomoni. Miguu ilitetemeka. Masunga aliwazunguka akiwagusa masikio, kisha akamgeukia binti yake.

"Wameingia kwenye pamba?"

"Hapana, baba."

"Uliwapitisha wapi?"

"Kwa bibi Nyanjige. Alimpapasa Madoa."

Hilo la pili lilikuwa kweli. Milembe alilisema upesi ili la kwanza lisahauliwe, na ndivyo ilivyokuwa. Baba yake hakuuliza tena habari za pamba. Kulipopambazuka maksai wote wawili walikuwa chini, wamekufa.

Mayala alikuwa wa kwanza kufika. Aliwaeleza watu alichosikia jana: sifa zile, mkono ule mgongoni. Mwingine akataja macho mekundu ya bibi, ambayo wengi pale huyaita dalili ya uchawi. Kabla ya saa za ibada, kijiji kizima kilikuwa kimeshamhukumu bibi Nyanjige, na wanaume wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakaitana kukutana alasiri nyumbani kwa Masunga. Walikusudia kumtenga. Mtu akitengwa pale, hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumpa moto wala kuchota naye maji, mpaka ahame. Na bibi kizee akihama na jina la uchawi mgongoni, hata watoto walijua kuwa huenda asifike mbali akiwa hai.

Mama yake, Elina, alimkataza Milembe kupeleka makaa. Alisema hayo akiwa hamtazami usoni. Milembe alikaa nyuma ya nyumba. Akisema, baba angejua kuwa yeye ndiye aliyeua maksai na kuinyima familia kilimo. Asiposema, wangempoteza bibi. Alilipima jambo hilo huku na huku, na, kwa aibu yake, alilipima kwa muda mrefu. Kisha akatazama upande wa pili wa uwanja. Jikoni kwa bibi hakukuwa na moshi.

Alikwenda. Bibi Nyanjige alikuwa sakafuni, akifunga nguo zake na sufuria yake moja kwenye kanga. Alizitambua hatua za Milembe.

"Leo hukuleta moto," alisema. "Najua wamekukataza. Basi nimalizie hadithi kabla sijaondoka. Yule mtoto alisema?"

Milembe alianza kulia.

"Alinyamaza," bibi akasema. Akalikaza fundo la kanga. "Nilidhani atasema."

Bibi hakujua alichokuwa amemwambia. Milembe alitoka akilia wazi, hajali nani anamwona, akaenda moja kwa moja walikoketi wanaume. Mtoto haingii kwenye kikao kile bila kuitwa. Ngassa, kiongozi wao, alinyanyua mkono kumfukuza, lakini Milembe alikuwa ameshapiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, walikula pamba. Mimi niliwaacha, nikaenda kutazama tamthilia. Nyayo nilizifuta. Bibi hajafanya lolote."

Mayala alisema mtoto amerogwa ili amtetee mchawi. Masunga alinyanyuka, akaenda shambani, na wengine wakamfuata. Ukingo ulikuwa umefagiliwa na tawi lenyewe limeachwa pale. Ndani, mistari ya pamba ilikuwa imelala na majani yamekatwa. Kila mwenye ng'ombe alielewa alichokiona. Ngassa alitangaza papo hapo kuwa shauri limekwisha, na Mayala akajiondoa polepole.

Kesho yake alikuja Kasmiri, afisa mifugo. Aliwapasua maksai, harufu ya dawa ikatoka tumboni, akaamuru wafukiwe kwenye shimo refu na nyama isiguswe na mtu wala mbwa. Alieleza kuwa sumu ile ina sindano yake, na kwamba angepigiwa simu Jumamosi jioni akaambiwa ukweli, pengine angalau mmoja angepona. Milembe aliyasikia yote. Maneno hayo yalimuuma kuliko fimbo, na fimbo baba yake hakuishika.

Shimo lilipofukiwa, Masunga alibaki amesimama na koleo mkononi.

"Msimu ujao tutalima kwa jembe la mkono," alisema, "na wewe utashika lako. Maksai nitanunua tena mnadani siku moja, Mungu akipenda. Lakini mtu hauzwi mnadani, Milembe. Jana nilikuwa karibu kumpoteza jirani yangu kwa sababu ya neno lako moja, na kwa sababu mimi niliona ni rahisi kuliamini."

Kisha akaenda kwa bibi Nyanjige, akavua kofia mlangoni na kumwomba radhi. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru kwa kuja. Hakusema kuwa amesamehe. Baadhi ya majirani waliendelea kupita mbali na uwanja wake, na kile kifurushi cha kanga kilikaa kando ya mlango, kimefungwa vilevile, wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata Milembe hakwenda kwa Mwandu. Alasiri hiyo aliipalilia pamba iliyosalia mpaka viganja vikatoka malengelenge. Jioni alipeleka maji na makaa kama kawaida, akauwasha moto, akaketi. Hakuwa na hadithi ya kusimulia.

"Yule wa kwenye televisheni aliogopa," bibi Nyanjige alisema. "Na wewe uliogopa. Kuogopa si kosa. Ila wewe ulisema, nami niko hapa naota moto. Siku nyingine sema mapema, mwanangu. Usingoje mpaka mtu afunge mizigo yake."

Milembe aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kuwa bibi haoni, akasema, "Sawa, bibi."

Bibi aliunyoosha mkono kuelekea mlangoni.

"Nifungulie hiyo kanga. Fundo nililikaza sana, vidole vyangu haviliwezi."

Milembe alilifungua kwa meno.