ALINIFUNGIA NDANI YA GHALA LA PAMBA

Nilisikia komeo la chuma likipigwa kwa nje.

Nikadhani ni upepo wa ziwa. Nikaendelea kupanga kamera yangu. Kisha nikasikia kufuli…

"Jocelyne?"

Nikausukuma mlango. Haukusogea.

"Jocelyne! Mulango imejifunga!"

"Haikujifunga. Mi njo nimeifunga."

Jamani, niliurukia mlango kwa bega!

Ngoja niwaeleze. Mimi ni Husna, wa mji wa Baraka, kando ya ziwa. Kazi yangu ni kupiga picha majengo ya zamani yaliyoachwa: nyumba za wazungu wa pamba, kanisa lililoota miti huko kwenye milima ya Fizi, gati bovu la ziwani. Mkiona ukuta uliobomoka umependeza kwenye Facebook mpaka mnauonea wivu, ni mimi huyo.

Hili ghala la pamba, nje kidogo ya Baraka, ndilo lililonipa jina. Na Jocelyne, binti wa wakimbizi kutoka Burundi, ndiye aliyenipokea hapo tangu siku ya kwanza. Familia yake na nyingine kadhaa zinaishi humo. Nikija, zinatoa mikeka, sufuria na watoto, zinakaa nyuma kwenye mihogo mpaka nimalize. Picha ya jengo lililoachwa haitaki ndoo ya mtu mbele!

Jumapili hiyo aliniita yeye mwenyewe. Wenzake wote walikuwa kanisani. Nikakuta ndani pameshafagiliwa, hakuna hata kijiko. Nikafurahi kama mjinga.

Sasa nimefungiwa!

"Fungula, Jocelyne! Unataka kamera? Chukua!"

"Sitaki kamera yako."

"Sasa nimekukosea nini?"

"Nilikuambia juu ya Jafari, ukanikatia simu. Ukasema niko na jalousie. Leo utasikia na masikio yako. Nyamaza."

Jafari ni mchumba wangu. Mtoto wa mwenye maboti, mpole, swala tano hazimpiti, na posa ilishapokelewa nyumbani. Wiki moja nyuma Jocelyne alinipigia simu, eti amemwona Jafari akipima kiwanja cha ghala kwa kamba, eti anataka kuliuza. Nilimtukana, nikakata. Nani asiyejua wivu wa marafiki ndoa ikikaribia?

Nilipiga mlango mpaka viganja vikauma. Madirisha yako juu na yana nondo. Simu haikushika mtandao hata kidogo. Bati lilianza kuchemka, popo wakanikojolea kichwani… Nililia, nikasali, nikamlaani Jocelyne na ukoo wake wote. Nikajiona nafia humo, na watu wa kuniokoa wako kanisani wanaimba.

Kisha nikasikia gari. Nikafungua mdomo nipige kelele…

"Patron, njo hii."

Nikaufunga. Sauti hiyo naijua. Ndiyo inayoniambia "lala salama" kila siku.

"Haina bantu?" mwanaume mwingine, mtu mzima, huyo bosi aliyekuja kununua, akauliza.

"Hata mumoja! Si uliona foto? Ndani na inje, hakuna muntu."

"Nani alipiga?"

"Fiancée yangu." Jafari akacheka. "Hajue kitu. Nilimuambia ni ya kalandriye."

Kalenda! Nilimpa picha zangu nzuri kuliko zote, huku nikiwaza ukuta wa sebule yetu.

"Na hawa wakimbizi nasikiaka banakaa hapa?"

"Bongo tu, patron, banakudanganya. Ingia ndani, utaona mwenyewe haina kitu."

Kisha nikamsikia akimnong'oneza dereva aliyewaleta, kwa majivuno, karibu kabisa na dirisha langu: "Nilituma muntu abaambie Husna anakuja piga foto. Bakisikia vile, banatoshaka vitu byote inje bao benyewe."

Nyie… nilikaa chini kwenye vumbi. Mlango sikuukumbuka tena.

Ndipo Jocelyne akatokea.

"Papa patron, karibu. Mi niko na kifungulo."

"We!" Jafari akashtuka. "Si muko kanisani?"

Kufuli likalia. Mwanga ukanipiga machoni. Jafari akaniona…

Sijawahi kuona mwanaume akipoteza rangi namna ile. Ila ana akili, alijikusanya upesi.

"A, Husna! Patron, huyu njo fundi wa foto." Akanisogelea, akaninong'oneza: "Sema haina bantu. Arusi iko karibu. Utamupatisha baba yako haya mbele ya bantu?"

Mlango ulikuwa wazi, na bado nilikuwa nimefungwa! Nikisema, ndoa imekufa na baba yangu ataaibika mji mzima. Nikinyamaza, watoto wa hapa watalala nje.

"Mama," yule patron akaniuliza, "bantu banakaa humu ao hapana?"

Nilimpenda Jafari. Niwe mkweli, hata dakika ile nilimpenda.

Nikawasha kamera.

Kila nikifika hapo napiga moja ya kupima mwanga, kabla sijawaambia wasogee. Hizo sizirushi kamwe. Nikampa patron kamera, akazitazama moja moja kwenye kile kioo kidogo. Mama Pulchérie akinyonyesha mlangoni. Mikeka. Sufuria la maharage. Nguo za shule kwenye kamba. Watoto, wengi tu, wakinichekea.

"Banakaa, papa," nikasema. "Mi njo nabatoshaka inje, ju ya foto ikuwe nzuri."

Akanirudishia kamera, akamgeukia Jafari.

"Mi sinunuake kesi."

Akapanda gari lake. Jafari akamkimbilia kwa nyuma, hakunitazama hata mara moja!

Nikabaki na Jocelyne. Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia. Nikamkumbatia. Akaniambia alishtuka pale alipokuja mtu asiyemjua kuhimiza vitu vitolewe Jumapili hii, eti mimi nakuja, maana mimi humpigia simu yeye kwanza.

"Unisamehe ile mulango," akasema. "Ningekuambia kwa mudomo, haungeamini."

Alisema kweli. Nisingeamini.

Watu wakaanza kurudi kutoka kanisani. Mama Pulchérie, mtoto mgongoni, aliniona nimesimama na kamera shingoni. Hakujua lolote lililotokea. Akawashika watoto wake mikono, akaanza kuwavuta pembeni.

"Tusogee wapi, dada?" akauliza kwa upole.

Hapo ndipo nilipolia kweli.

Wapendwa, ndoa haipo tena, msiniulize. Ila mkiona picha ya nyumba tupu, hata ikiwa yangu, kabla hamjaisifu ulizeni kwanza: ni nani aliyeambiwa atoke?