Upande wa Chini wa Tumbawe

Siku ya watu kuleta vitu vyao makumbusho ili vitambuliwe, foleni ilifika hadi nje ya mlango. Bibi Matumbawe, kama wenzake wa kazini walivyozoea kumtania, alikuwa ametambua kauri na mifupa tangu asubuhi, kiuno kinamuuma, mtu mmoja alipofungua kifurushi cha fulana kuukuu mezani pake. Ndani mlikuwa na tumbawe la duara, bapa kama sahani.

"Naomba kujua hiki ni kitu gani," mtu huyo akasema.

Alikuwa mpenzi wake wa zamani, fundi lifti, shati la samawati limenyooshwa vizuri, mvi mbili tatu kidevuni. Hasira ikampanda Bibi Matumbawe. Miaka saba nyuma mwanamume huyu alimposa kwa simu, akataka jibu kabla hajahamia mji mwingine kikazi. Bibi Matumbawe alimpelekea jibu kwa mkono wa dada yake huyo fundi: tumbawe hilihili. Akamngoja, hakutokea.

"Ni tumbawe gumu," akajibu kikazi. "Mnyama mmoja, na mdomo wake ni huu mfereji wa katikati. Akikua huachana na mwamba, akajilalia mchangani."

"Mimi nilidhani ni kipande kilichovunjika. Nikasema, mrembo kanikataa, kanipa kipande cha kuniagia."

"Acha mzaha, Fundi. Kama ni kipande au ni zima, hujulikana chini. Geuza."

"Litavunjika. Miaka yote liko juu ya kabati, hata vumbi nalipuliza tu."

"Geuza, bwana."

Akaligeuza kwa mikono miwili. Watu wa makumbusho huandika upande wa chini, wasiharibu sura ya kitu, na Bibi Matumbawe hakuwahi kufikiri kwamba wengine hawajui. Wino ulikuwa bado unasomeka: *Nimekubali. Jumamosi nitakungoja getini.*

Fundi alisoma, akarudia kusoma. Ndipo mwanamke alipotambua kwamba maneno yale mwenzake hakuwahi kuyaona. Hasira yote ikamwishia, akabaki na majonzi ya miaka iliyopotea bure.

"Nilingoja mpaka mlinzi akafunga geti," akasema.

"Nisamehe, mpenzi. Umeolewa?"

"Ningeolewaje, na moyo wangu uko juu ya kabati lako?"

Mzee mmoja mwenye kauri, aliyefuata kwenye foleni, akakohoa.

"Tunafunga saa kumi na moja," Bibi Matumbawe akamwambia Fundi, akifuta macho kwa kiganja. "Leo ni zamu yako kungoja."

Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Fundi akaenda kusimama getini.