Twiga Mwenye Kovu Shingoni

Kila Jumamosi asubuhi Najma alifagia ua wa nyumba yao ya kupanga, kule Ilala. Alianzia mlangoni kwa kina Fatuma, akapita kwenye jiko la jirani anayekaanga vitumbua huku akivuta harufu ya bure, akamalizia kwenye kona ilipokaa pikipiki ya mama yake. Kona hiyo aliifagia kwa adabu, maana pikipiki ile ndiyo iliyowalisha.

Mama yake, Bi Salma, alichukua vitenge na sare za harusi kutoka maduka ya Kariakoo akawapelekea wateja. Siku ya kwanza wanaume wa kijiwe cha bodaboda walipomwona juu ya pikipiki, kofia ngumu kichwani na khanga kaifunga kibwebwe, walicheka mpaka mmoja wao akagonga nguzo ya umeme. Tangu siku hiyo hawakucheka tena. Yule wa nguzo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwamkia.

Bi Salma hakumpelekea fundi kazi ya kumwaga oili. Aliifanya mwenyewe pale uani. Aliwasha mashine kidogo ipate joto, akatega beseni kuukuu chini yake, akafungua nati, oili chafu ikashuka nyeusi kama kahawa. Kisha alitoa filta ya zamani, akaweka mpya na mpira wake, akakaza nati, akamimina oili safi, akapima kwa kijiti. Najma, aliyekuwa darasa la sita, alimshikia spana.

Oili na filta walinunua mtaa wa Gerezani, kwa Mama Tarsis, mama mnene mwenye asili ya Songea, aliyekaa kwenye kigoda mbele ya duka lake kama hakimu. Mama Tarsis alikuwa na sheria moja. Ukishamaliza oili, chupa tupu uitoboe kwa msumari na kifuniko ukikate. Siku ya kununua nyingine, uje na kile kifuniko kilichokatwa umwonyeshe.

"Bila kifuniko huuziwi, hata uje na mkweo," alisema. "Chupa nzima zikizagaa, watu wanazijaza uchafu, wanatuuzia tena."

Kazi ya kutoboa alipewa Najma.

Siku moja alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba na chupa yake. Chupa zile zilikuwa na picha ya twiga. Najma alimlenga twiga shingoni, akagonga msumari kwa jiwe. Msumari ukateleza, ukaacha mkwaruzo na kishimo, lakini haukupenya. Alipoinua jiwe mara ya pili, akasikia mluzi.

Alikuwa Seifu, kijana aliyepita mitaani na kiroba begani akiokota plastiki.

"Mrembo, unamuua twiga wa watu bure!" Seifu alisema, akatoa mfukoni pakiti ya ubuyu mwekundu. "Nipe chupa na kifuniko chake. Ubuyu wote huu ni wako."

"Mama kasema nitoboe."

"Mama yako yuko hapa?"

Najma akatazama kushoto, akatazama kulia. Mama hakuwepo. Ubuyu ulikuwepo.

Jioni ile Bi Salma alimuuliza, "Ile chupa umetoboa?"

"Nimetoboa, mama."

"Na huo ulimi umefanyaje? Mwekundu kama taa ya kuzuia magari."

"Fatuma kanigawia ubuyu."

Bi Salma akaguna, akaendelea kuchambua mchele. Najma akaenda kusukutua mdomo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Ulimi ulitakata. Lakini kila alipomwona Fatuma, aliyesingiziwa ukarimu ambao hakuufanya, Najma alijisikia vibaya.

Wiki zikapita, zamu ya kumwaga oili ikafika. Siku hiyo Bi Salma alikuwa na sare za harusi za kupeleka Buguruni. Shangazi za bibi harusi walikuwa wameshapiga simu mpaka betri ikaanza kulalamika.

"Najma, kimbia kwa Mama Tarsis," alisema. "Oili ya pikipiki, usichukue ya gari. Ya pikipiki inalowesha na klachi, ya gari itaifanya iteleze. Na filta, boksi liwe halijafunguliwa. Kifuniko unacho?"

"Ninacho," Najma alijibu haraka, mkono mfukoni. Mfukoni mlikuwa na kifutio cha penseli tu.

Alifika Gerezani, akamwona Mama Tarsis kwenye kigoda chake. Kando yake palikuwa na kopo la vifuniko vilivyokatwa, na mteja mmoja alikuwa akikaguliwa. Najma akajaribu kupanga maneno. Aseme kimepotea? Aseme kimeliwa na panya? Panya gani anakula plastiki yenye oili? Miguu ikakata shauri kabla yake. Ikampeleka nyuma ya karakana moja, karibu na reli.

Huko, nani tena kama si Seifu? Alikuwa na meza ndogo, na juu yake chupa zimepangwa, twiga wote wakitazama upande mmoja.

"Mrembo wa ubuyu! Unataka oili? Filta? Vyote vipo, na mimi siulizi vifuniko."

Najma akanunua, akarudi nyumbani mbio.

Bi Salma alikuwa ameshamwaga oili ya zamani na kuvaa kofia nusu. Alipomimina ile mpya, akasita.

"Mbona nyepesi hivi? Kama mchuzi uliokaribisha wageni wasiotarajiwa."

Hapo palikuwa na nafasi. Nafasi pana, ya kupita mkokoteni. Najma angeweza kusema. Badala yake akasema, "Mama Tarsis kasema ni ya aina mpya. Nyepesi ndiyo bora."

"Na filta hii, boksi lilifunguka?"

"Alifungua yeye anionyeshe."

"Haya. Akisema Mama Tarsis, mimi nani?" Bi Salma akafunga sare nyuma ya pikipiki, akaondoka.

Kabla ya adhuhuri alirudi kwa miguu. Anasukuma pikipiki, jasho linamtiririka, mzigo wa sare ungali nyuma. Klachi ilikuwa imeanza kuteleza barabarani, mashine ikalia kama inasaga mawe, ikatoa moshi, ikazima. Wale wa kijiwe walimsaidia kusukuma, na safari hii hakuna aliyecheka. Sare zilipelekwa na mwingine. Shangazi za bibi harusi walisema hawatampa kazi tena.

Bi Salma aliegesha pikipiki uani. Alitega beseni, akafungua nati. Oili iliyomiminwa asubuhi ileile ilitoka nyeusi, inanuka, na chini ya beseni pakabaki mchanga mwembamba. Akatoa filta. Ilikuwa kuukuu, imeoshwa kwa petroli, imerudishwa kwenye boksi kama maiti aliyevalishwa suti.

"Mama Tarsis," alisema polepole. "Mama Tarsis kanifanyia mimi hivi! Najma, chukua chupa hiyo. Twende."

Njia nzima Najma alitembea nyuma ya mama yake, chupa kifuani. Karibu na kituo cha mwendokasi walisimama kungoja basi lipite, naye akainamisha macho kwenye chupa. Shingoni mwa twiga palikuwa na mkwaruzo na kishimo kidogo. Akapitisha kidole. Akakitambua kile kishimo. Ule ulikuwa msumari wake mwenyewe.

Uso ukamwaka moto. Alitamani ardhi ya Gerezani ifunguke, lakini ardhi ya pale ina lami ngumu.

Dukani palikuwa na wateja. Bi Salma hakungoja zamu.

"Mama Tarsis! Nimenunua kwako tangu sijajua kuendesha. Leo unaniuzia maji ya kuoshea sufuria?"

Mama Tarsis akainuka taratibu. "Mama Najma, karibu kwanza. Kuna nini?"

"Sikaribii! Mashine yangu imeungua. Kazi nimepoteza. Oili yenyewe hii, kaja kuinunua mwanangu hapa, leo asubuhi!"

Mama Tarsis akamtazama Najma. Najma akaangalia chupa badala ya kumwamkia.

"Mwanangu, ulikuja hapa leo?"

Watu wote wakamgeukia. Najma akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Ndiyo."

Mteja mmoja, mwendesha bodaboda aliyeitwa Samson, akairudisha mezani chupa aliyokuwa ameishika. Mwingine akanong'ona, "Kumbe hata huyu!" Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mama Tarsis akawatazama wakienda. Hakufoka wala hakuapa. Aliingia ndani, akatoka na chupa mpya ya oili na filta ambayo boksi lake halijafunguliwa, akamwekea Bi Salma mikononi.

"Mama Najma, sikumbuki kumwona mtoto leo. Lakini naanza kuzeeka, huenda macho yamenipita. Chukua hivi, hunilipi. Sitaki nigombane na wewe." Kisha akamgeukia Najma, akachomoa karanga za kukaanga kwenye mfuko wake wa khanga. "Na wewe kula, mwanangu. Umetembea juani."

Kama Mama Tarsis angemchapa kofi, Najma angevumilia. Karanga zile hakuziweza. Mkono ulikataa kuzipokea. Machozi yakamtoka, pua nayo ikajiunga bila kualikwa.

"Sikununua hapa!" alisema kwa kelele, mpaka Samson akasimama. "Sikuja kwako, Mama Tarsis. Nilinunua kwa Seifu, kule kwenye reli. Sikuwa na kifuniko. Chupa nilimpa yeye, nzima, akanipa ubuyu. Chupa yenyewe ndiyo hii. Hapa shingoni ndipo nilipogonga msumari, nikaacha. Na Fatuma hakunigawia ubuyu. Na Mama Tarsis hakusema nyepesi ndiyo bora. Niliyasema mimi yote."

Bi Salma alikuwa bado ameshika oili ya bure mikononi. Aliitazama, akamtazama aliyempa, na uso wake nao ukabadilika. Watu walewale waliomsikia akitukana walikuwa wamerudi kusikiliza.

Akairudisha chupa mezani. Akapiga goti, yeye Bi Salma, mbele ya wateja.

"Mama Tarsis, nisamehe. Nimekuja na mdomo kabla ya akili. Hata kuuliza sikuuliza."

Najma alidhani ameshafika mwisho wa aibu. Lakini kumwona mama yake amepiga goti kwa ajili ya ulimi wake yeye, hapo ndipo alipojua aibu ni kitu gani. Naye akapiga goti kando yake.

"Inukeni, mtachafua nguo, hapo pana grisi," alisema Mama Tarsis, akawashika mikono. "Samson, rudi uchukue chupa yako. Na wewe Najma, machozi yamesikika. Sasa tuonyeshe hiyo meza iko wapi."

Najma akawaongoza mpaka nyuma ya karakana. Viongozi wa wafanyabiashara waliitwa, na polisi wakaja. Nyuma ya meza ya Seifu zilikutwa chupa tupu, pasi ya kubandikia vifuniko na dumu la oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa. Seifu alipopita mbele ya Najma, hakupiga mluzi.

Fundi Khalfani alifungua mashine akasema sahani za klachi zimeungua ila injini imepona, kwa kuwa Bi Salma aliacha kuilazimisha mapema. Ilipotengenezwa, safari hii Najma ndiye aliyemwaga oili, mama akishika spana. Alisoma maandishi ya chupa ahakikishe ni ya pikipiki. Aliikagua filta na mpira wake. Alimimina, akapima, akawasha kidogo, akapima tena. Kisha akaweka chupa tupu chini, akamlenga twiga, akagonga mpaka msumari ukatokea upande wa pili. Baadaye alikwenda kwa Fatuma akamweleza habari ya ubuyu. Fatuma alinuna siku nzima, si kwa kusingiziwa, bali kwa kuwa hakubakishiwa hata kokwa moja.

Bi Salma naye alimpangia Najma kazi ya adhabu. Kila Jumamosi, akishafagia ua, alikwenda Gerezani kutoboa chupa za wateja wa Mama Tarsis. Siku ya kwanza aliketi chini, kando ya kigoda, akimwonea haya kila mteja aliyepita.

"Watanitazama mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka wachoke," alijibu Mama Tarsis. "Sikiliza, mwanangu. Chupa nzima ulimpa mtu mmoja, ikazunguka mji, ikarudi kuunguza mashine ya mama yako. Uongo nao ulikuwa mdogo, wa ubuyu. Lakini ulitaka mwingine wa kuulinda, na mwingine tena, mpaka ukafika dukani kwangu ukataka kunifungia mlango. Ungeutoboa siku ile ya kwanza, kwa neno moja tu, 'Mama, sikutoboa,' ungepigiwa kelele jioni moja, basi. Ukikosea, sema mapema. Kosa lililosemwa halijazwi kitu kingine."

Mwezi uliofuata Najma alisimama kwenye foleni kama mteja. Zamu yake ilipofika, alinyoosha mkono kabla hajaulizwa. Kifuniko kilikuwa kiganjani, kimekatwa katikati.

Mama Tarsis akakigeuza huku na huku, akakitupa koponi.

"Kifuniko nimekiona," alisema. "Sasa toa ulimi."

Najma akautoa. Haukuwa na hata doa la wekundu. Foleni nzima ikaangua kicheko, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile, Najma naye akacheka pamoja nao.